Gurudumu la Bi Pimbi na Viti vya Wakubwa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango, majiko yenye mafiga na majina yao wenyewe ya miaka, palikuwa na bonde moja lililopitiwa na mto uitwao Nyong'onyo. Mto huo ulipewa jina hilo kwa sababu ya uvivu wake. Ulijipitia kati ya mawe bila haraka, kama mgeni asiyejua anakokwenda.

Katika bonde hilo kila kaya ililima mtama, na mtama wote ulipondwa na mmoja tu, naye ni Bwana Tembo. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu yake, tangu ule Mwaka wa Nzige. Mtama ulimwagwa juu ya mwamba bapa, naye akaukanyaga. Tii! Tii! Tii! Unga ukapatikana.

Ujira wake ulikuwa wa desturi. Unga wowote ulionata chini ya unyayo wake ulihesabiwa kuwa wake. Siku za babu yake desturi hiyo haikumuumiza mtu, kwa kuwa mzee yule aliponda kwa mguu mkavu. Lakini huyu mjukuu aliweka beseni la maji kando ya mwamba, na kabla ya kuponda alitumbukiza mguu mzima. Chubwi!

"Nauosha," alisema. "Mimi ni mpenda usafi."

Jumatatu moja, tarehe 7 Septemba, katika mwaka ambao wanyama waliuita Mwaka wa Mtama Mwekundu, Bi Kanga alifika mwambani na kikapu chake.

"Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba. Mwaga hapo."

Chubwi! Tii! Tii! Tii! Tembo alipoinua mguu, sehemu kubwa ya unga iliinuka nao. Akaukung'uta juu ya pipa lake: pu!

"Haa! Baba, mbona unaondoka na uji wa wanangu?"

"Mimi? Mimi sikuchukua kitu. Umenata wenyewe."

"Umenata kwa sababu mguu umelowa!"

"Ulitaka nikupondee kwa mguu mchafu? Una vifaranga nyumbani, mama. Ogopa magonjwa ya tumbo."

Nyati, aliyekuwa akingoja zamu, aliangua kicheko. Bi Kanga hakucheka. Alikusanya kilichobaki, ambacho hakikufunika hata chini ya kikapu, akaenda moja kwa moja kwa shoga yake, Bi Pimbi, aliyekaa kwenye majabali ya ukingo wa mto.

Sasa huyu Bi Pimbi alikuwa mdogo, hana mkia wala pembe, na ukimweka kwenye unyayo wa Tembo huwezi kumwona. Lakini wanahistoria wa bonde walishikilia kwamba Pimbi na Tembo ni ukoo mmoja, na walionyesha meno na kucha kama ushahidi. Bi Pimbi aliipenda sana habari hiyo. Tembo hakuipenda hata kidogo.

"Shoga, tazama alichoniachia mjomba wako," alisema Bi Kanga, akaweka kikapu chini. "Mtama nimelima mwenyewe, nimefukuza ndege mwenyewe, na ndege wenyewe ni ndugu zangu! Leo watoto watalala na nini?"

Bi Pimbi alichungulia ndani ya kikapu, kisha akaingia jikoni, akatoka na kibaba cha unga wake, akakimimina kikapuni. Macho yake yalikuwa mtoni. Kwa muda mrefu alikuwa akiangalia kibuyu kilichopasuka, kilichonasa kwenye mti uliolala kati ya mawe mawili. Mahali hapo maji yaliruka kidogo, na kila yalipokipiga, kibuyu kilizunguka. Kilizunguka asubuhi, kilizunguka jioni.

"Shoga," alisema hatimaye, "maji haya hayana mguu wa kulowesha wala hayaweki pipa. Tukiyapa kazi, yatakataa?"

"Maji yaponde mtama? Wee! Umekaa juani?"

"Si kuponda. Kusaga."

Basi wakaanza. Bi Pimbi alichonga gurudumu la mti lenye vibao pembeni, vya kupigwa na maji. Katikati akapitisha mti mnyoofu, na mwisho wa mti huo akafunga jiwe la kusagia, lizunguke juu ya jiwe jingine lililotulia. Majirani wadogo walikuja kusaidia: Nungunungu alitoboa matundu kwa miiba yake, Panya wakatafuna palipozidi, na Fuko akachimba mfereji kando ya mto ili maji yafike penye gurudumu. Wakubwa walipita, wakatazama, wakaenda zao.

Siku ya kulijaribu, wadogo wote walijipanga ukingoni. Maji yalitambaa mferejini, yakafika kwenye kibao cha kwanza. Gurudumu likasema, "Kwiii," likasogea kidogo, likasimama.

"Limechoka kabla ya kuanza," alisema Fuko kwa huzuni.

"Halijachoka," alisema Bi Pimbi. "Mto ndio uko chini mno. Maji yakitambaa hayana nguvu, yakianguka yana nguvu. Tunahitaji ukuta wa mawe katikati ya mto, ili maji yapande, yaingie mferejini kwa juu, yaanguke hapa kwa kishindo."

Wote wakageuka kutazama mawe ya kule mlimani. Kila moja lilikuwa kubwa kuliko nyumba ya Bi Kanga. Hakuna aliyeuliza nani atayaleta.

Habari ilimfikia Tembo siku hiyo hiyo. Akaja ukingoni, akalizunguka gurudumu, akalinusa kwa mkonga.

"Mtani wangu Pimbi," alisema, "nimeambiwa umezaa mtoto wa mbao."

"Shikamoo, mjomba."

"Usiniite mjomba mbele za watu!"

Nyati na Kiboko, waliokuwa wamemfuata, walijikohoza ili wasicheke.

"Hiki kitu," aliendelea Tembo, "kinadharau kazi ya mababu. Nani atakuwa na heshima katika bonde hili kama unga utasagwa na maji, kitu kisicho na ukoo? Mimi nataka baraza. Siku ya baraza, kama kitu hiki kitazunguka na kutoa unga mbele ya macho ya watu, nitakiacha, nasema hivyo hadharani. Kisipozunguka, nitakikanyaga, na wewe utahama majabali haya, wewe na wote waliokusaidia."

Bi Pimbi alizaliwa katika nyumba ile ya majabali, na nyuma yake walikuwa wamesimama Fuko, Nungunungu, Panya na Bi Kanga, wote waliomsaidia. Lakini aliinama kwa adabu.

"Sawa, mjomba. Baraza litakaa wapi?"

"Kilimani, penye viti vyetu. Wapi kwingine?"

"Kilimani tena!" alinung'unika Kiboko. "Jua lote lile! Mara ya mwisho ngozi yangu ilipasuka mpaka mgongoni. Shemeji zangu walinipaka tope wiki nzima."

Bi Pimbi alinyanyua masikio. "Samahani, wakubwa. Kesi ni ya mto na gurudumu liko mtoni. Hapa kivukoni pana maji ya kifundo tu na upepo mzuri. Kwa nini baraza lisiketi humu humu mtoni?"

"Naunga mkono!" alisema Kiboko haraka.

"Lakini viti viko kilimani," alisema Tembo.

"Basi kila mkubwa alete kipya," alisema Bi Pimbi.

Hapo pakawa kimya. Ni lazima niwaeleze, wajukuu, kimya kile kilitoka wapi. Katika bonde lile mkubwa hakukalia kigoda wala mkeka. Alikalia jiwe alilolileta kwa nguvu zake mwenyewe, na mwenye jiwe refu kuliko yote ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kule kilimani mambo yalikwisha amuliwa zamani: jiwe la Tembo lilikuwa refu, na Nyati na Kiboko waliishi wakilitazama kwa chini. Viti vipya maana yake ni kwamba cheo kimerudi sokoni.

"Naona ni wazo la busara," alisema Nyati, akijaribu kuonekana hana haja.

"La busara kabisa," alisema Kiboko.

Tembo aliwatazama mmoja mmoja. Angekataa, angeonekana anaogopa. "Haya," alisema. "Jumamosi, tarehe 14 Novemba. Mtoni."

Kesho yake Bi Pimbi alimkuta Nyati malishoni.

"Hodi, Bwana Nyati. Sikuja kukuudhi. Nimekuja kukuuliza kama kweli utakaa chini ya Kiboko."

"Chini ya nani?"

"Nasikia ameona jiwe refu huko kwenye genge la mlima. Lakini labda wewe huwezi kulisukuma lililo kubwa kuliko hilo. Kichwa kimezeeka, pole."

"Kichwa changu kimezeeka!" alifoka Nyati. "Toka hapa! Toka! Jiwe la genge ni kokoto!"

Kwa Kiboko alikwenda na maneno machache zaidi. "Mzee, Nyati amesema kilichokunenepesha ni maji, si nguvu."

Na kwa Tembo alikwenda mwisho, akaketi mbali kidogo na beseni. "Mjomba, ukoo wetu utaaibika. Wenzako wanabeba mawe."

"Ukoo wetu?" alisema Tembo. "Wewe unapata faida gani nikishinda?"

Bi Pimbi akajibu kweli tupu. "Ukileta jiwe kubwa sana, mjomba, hakuna atakayefurahi kuliko mimi."

Tembo akaguswa kidogo na jambo hilo. Alidhani ni mapenzi ya kindugu.

Basi bonde likaanza kutetemeka. Nyati alisukuma jiwe kwa pembe: nguu, nguu, nguu! Akalitupa mtoni: gubuu! Kiboko alipoliona, akaenda akaleta kubwa zaidi, na jingine la mkewe, kwani bibi huyo alisema hatasimama wakati mumewe ameketi. Mke wa Nyati naye akadai lake. Kifaru, ambaye hakualikwa, alileta mawili ili asisahaulike tena. Tembo alikuja na jabali lililozimisha vicheko vyote, na Nyati alipoona hivyo akarudi mlimani, akaleta la pili, akalipandisha juu ya lile la kwanza.

Mzozo mkubwa ulikuwa wa mpangilio.

"Mimi siketi nyuma ya Nyati," alisema Kiboko.

"Nami siketi nyuma ya mtu anayenuka matope," alisema Nyati.

"Na nyuma yangu mnaweza kuketi nyote," alisema Tembo.

Hakuna aliyekubali. Mwishowe wakayapanga mawe mstari mmoja, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, bega kwa bega. Wala hawakuacha nafasi kati ya jiwe na jiwe, maana kila mmoja alihofia kwamba mdogo fulani angejipenyeza na kuonekana ameketi na wakubwa.

"Wakubwa," alisema Bi Pimbi kwa sauti laini, "mawe ni magumu na tope la mto lina tabia ya kuingia kwenye kucha. Mturuhusu wadogo tuwawekee matakia ya nyasi, na udongo mgumu chini ya miguu yenu."

"Huyu sasa anajua heshima," alisema Kifaru.

Panya, Fuko, Kanga na Nungunungu walileta nyasi na udongo wa mfinyanzi, wakashindilia kila pengo, juu mpaka chini, upande ule maji yanakotoka. Walifanya kazi kwa unyenyekevu mkubwa. Bi Kanga ilibidi aende kando mara kwa mara, kwa kuwa kicheko kilikuwa kikimpalia.

Ikafika Jumamosi, tarehe 14 Novemba. Huko vyanzoni mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kuanza. Tangu alfajiri wakubwa waliketi, nyuso zao zikielekea juu ya mto kunakotoka upepo, na gurudumu likiwa nyuma ya migongo yao. Wadogo walijaa ukingoni. Bi Pimbi alisimama kando ya mawe ya kusagia, na mkononi alikuwa na kikapu cha Bi Kanga kilichojaa mtama.

Aliutazama mdomo wa mfereji. Maji yalikuwa bado chini yake.

"Nafungua baraza hili mimi, mwenyekiti," alisema Tembo.

"Mwenyekiti nani?" aliuliza Nyati. "Kiti changu kinapita chako."

"Umebandika jiwe juu ya jiwe! Hicho ni kiti au ni ghorofa?"

"Desturi inasema kiti kirefu. Haikusema kiwe kipande kimoja."

"Na mimi je?" alisema Kiboko. "Changu kimezama kidogo tu. Mkipima kutoka chini, mimi ndiye wa kwanza."

Mabishano yakaendelea. Kila mmoja alitoa hotuba juu ya babu yake. Maji yalifika kwenye vifundo vya Kifaru, naye akafumba macho kwa raha. Yalifika magotini kwa Nyati.

"Mto umekuwa na adabu leo," alisema Kiboko akijimwagia. "Unatufuata wenyewe."

Bi Pimbi hakuondoa macho kwenye mfereji.

"Tuyaache ya mwenyekiti," alisema Tembo akiwa amechoka. "Tuje kwenye kesi. Wananchi! Huyu mtani wangu amesema maji yanaweza kusaga. Mimi nawauliza, nani amewahi kuona maji yakifanya kazi? Maji huenda chini, basi. Maji hayana mgongo. Maji hayana miguu."

Nyuma yake mfereji ukasema, "Guluguluu."

"Maji hayana akili!"

"Kwiii," likasema gurudumu.

"Maji hayawezi kuzungusha hata..."

"Chaka... chaka... chaka-chaka-chaka-chaka!"

"Nyamazeni huko nyuma!" alifoka Tembo. "Mtapiga makofi nikimaliza!"

Ukingo mzima ukalipuka. Vifaranga wa Kanga walijigaragaza chini. Tembo alishangaa, akageuza shingo polepole, na nyuso za wakubwa wote zikageuka pamoja naye.

Gurudumu lilikuwa likizunguka. Maji yalianguka juu yake meupe, jiwe la juu lilikimbia juu ya jiwe la chini, Bi Pimbi akimimina mtama katikati yake, na unga mwekundu ulikuwa ukimiminika kwenye ungo: mkavu, mwororo, bila kupungua. Bi Kanga alichota kwa kucha, akaonja, akaanza kulia.

"Uchawi," alisema Kifaru.

"Si uchawi, mkubwa," alisema Bi Pimbi. "Ni ukuta. Maji yalikuwa chini, sasa yako juu."

"Ukuta gani? Nani amejenga ukuta?"

Bi Pimbi aliwatazama tu, kuanzia Nyati upande huu mpaka mke wa Kiboko upande ule. Tembo alitazama chini, akayaona mawe, akaona udongo uliojazwa kati ya mawe, akaona ziwa zima limelala mbele ya miguu yake. Masikio yake yakalegea.

"Viti vyetu," alisema.

"Ndiyo, mjomba. Na mmevileta vizuri."

"Viondolewe! Sasa hivi! Nyati, ondoa kiti chako!"

Nyati alijiweka sawa juu ya jiwe lake. "Anayeinua kiti wakati baraza limeketi amejiuzulu ukubwa. Ondoa wewe kwanza."

"Mimi? Nikuachie uenyekiti? Kiboko!"

"Usinitazame mimi," alisema Kiboko. "Mimi niko starehe."

"Basi tulifunge baraza, kisha kila mtu aondoe chake."

"Lifungwe na nani?" aliuliza Nyati. "Baraza hufungwa na mwenyekiti. Mimi nalifunga."

"Wewe huwezi kulifunga, wewe si mwenyekiti!"

"Basi nani?"

Wakaanza upya, kutoka kwa babu wa kwanza. Chaka-chaka-chaka, likasema gurudumu, na wadogo wakapanga vikapu vyao kwa kufuata nani amewahi kufika.

Jua lilipokuwa kali, Tembo aliteremka, akaja peke yake mpaka penye ungo. Jiwe lake alikuwa ameliacha pale pale. Alisimama akiutazama unga, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya barazani.

"Nilisema hadharani kwamba kikizunguka nitakiacha, na sirudi nyuma. Lakini niambie, Pimbi. Mimi kazi yangu ni kuponda. Sasa nitakula nini?"

Wadogo wengine walitaka Bi Pimbi amcheke. Yeye alishika jiwe la kusagia lililokuwa akiba, akampa alipapase.

"Hili litakwisha kwa kusagika, mjomba. Yatahitajika mengine, na wakazi wa bonde la pili nao wameshatuma mtu kuuliza, wanataka gurudumu lao. Mawe yako mlimani, na sisi hatuwezi hata kuyatikisa. Utalipwa kwa kibaba, kitakachopimwa mbele ya wote."

"Kwa kibaba," alisema Tembo.

"Kwa kibaba kikavu."

Kisha Tembo akapanda njia ya mlimani, akiyagonga mawe kwa mkonga kusikiliza lipi gumu, na kule mtoni wenzake wakiwa bado wanabishana juu ya viti ambavyo hakuna aliyethubutu kuviondoa.

Na huo ndio mwisho wa habari ya Bonde la Nyong'onyo, wajukuu, na funzo lake ni hili: anayekipiga vita kitu kipya bila kutaka kukijua, mara nyingi ndiye atakayekijenga kwa mikono yake mwenyewe.